Jumamosi ya Kupalilia Karanga

Tulipomaliza mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, ilibaki wiki moja kabla ya shule kufungwa, na wiki hiyo hatukujua tuifanyie nini. Kwa miaka minne kengele ilikuwa imetuambia saa ya kuamka, ya kusali, ya kula na ya kunyamaza. Sasa iligongwa kwa ajili ya wengine. Tulifua mashuka, tukapiga pasi sare ambazo hatungezivaa tena, tukakaa kwenye ngazi za bweni tukiutazama Mwamba wa Tororo kama wageni walioshuka garimoshi asubuhi hiyo.

Shule yetu ilikuwa ya wasichana watupu, chini ya masista, kati ya Tororo na Mukuju. Sitaitaja jina, wala sitamtaja mtu yeyote jina, kwa kuwa wengi wana watoto na wajukuu huku, na kwa kuwa jambo ninalotaka kulieleza ni langu kuliko lilivyo lao.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, mwanamke kijana aliyekuja kwetu mwaka huo huo, alituomba kitu kimoja tu. Jarida la shule lilikuwa na ukurasa wa darasa linaloondoka, na kila mwaka ukurasa huo aliuandika mwalimu. Yeye alitaka tuuandike wenyewe.

"Kaeni pamoja mzungumze," alisema. "Kila mmoja aseme anachokikumbuka. Halafu mniletee ukurasa mmoja."

Alhamisi mchana tuliingia katika ukumbi wa kulia chakula, tukavuta mabenchi yakawa duara, tukafunga mlango. Tulikuwa ishirini na mmoja. Tulipoanza kidato cha kwanza tulikuwa ishirini na wanne. Mmoja aliozwa likizo ya mwaka wa pili. Mmoja aliitwa nyumbani kulea wadogo zake baada ya mama yao kufariki. Wa tatu ndiye ninayeandika haya kwa ajili yake.

Tulizungumza Kiswahili. Katika darasa letu kulikuwa na Wapadhola, Wateso, Wasamia kama mimi tuliotoka upande wa Masaba, karibu na Busia, na wachache kutoka ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kiingereza kilikuwa cha darasani. Ukikutwa unasema lugha ya kwenu ulivishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwingine. Kiswahili masista walikiita lugha ya askari na ya sokoni, lakini ndicho kilichotupatanisha, tukakisema kisimani, bafuni na shambani, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao. Hata leo nikiwakumbuka wenzangu nawasikia kwa Kiswahili kile.

Mazungumzo yalianza kwa kicheko. Mteso mmoja, binti wa katekista, alikumbusha siku ng'ombe wa jirani alipoingia kanisani wakati wa misa akasimama mstari wa komunyo, na padri, ambaye macho yake hayakuona mbali, akasubiri afungue mdomo. Mwingine akakumbusha uji wenye wadudu, jinsi darasa zima lilivyogoma kuunywa tukapigishwa magoti kwenye changarawe, na mdogo kuliko wote ndiye aliyekataa kuinuka hata tulipoambiwa tuinuke. Mdogo huyo, ambaye sasa alikuwa mrefu kuliko sisi sote, alifunika uso kwa viganja akicheka.

Tuliendelea hivyo karibu saa nzima. Kisha akasema Mpadhola mmoja aliyekuwa akilala kitanda cha jirani na changu, mtoto wa wakulima wa Mukuju, msichana wa maneno machache. Alikuwa hajacheka sana.

"Tumezunguka wote," alisema. "Mbona mwenzetu hatumtaji?"

Hakuna aliyeuliza mwenzetu yupi.

Alikuwa Mjaluo wa Busia, upande wa Kenya. Baba yake alifanya kazi ya reli hapo Tororo, ndiyo maana akasomeshwa kwetu. Alikuja mwaka mmoja baada ya Uganda kupandisha bendera yake, na mwisho wa mwaka huo nchi yao nayo ikapandisha ya kwake. Aliporudi likizoni alituletea kibendera cha karatasi, akatuambia kwamba sasa yeye ni mgeni wa serikali na tumpishe kwenye foleni ya chakula. Tulimpisha. Ndivyo alivyokuwa. Alijua kumwiga kila mtu: mwendo wa Sista Mkuu, kikohozi cha padri, jinsi metroni alivyohesabu mashuka kwa kulamba kidole. Tuliketi dawati moja, mimi na yeye, tangu siku ya kwanza. Hesabu zangu nyingi zilikuwa zake. Insha zake nyingi zilikuwa zangu.

Kitu kingine alichojua kuiga ni ugonjwa. Jumamosi tulipelekwa kulima shamba la shule, na yeye aliichukia kazi hiyo. Alikuwa akinywa uji wa moto na kuushikilia mdomoni, akienda kwa metroni, kipimajoto kikasema ana homa. Siku nyingine alishika tumbo, akajikunja, akatoa jasho hasa, sijui kwa ujanja gani. Akishapewa ruhusa ya kulala, alinikonyeza macho.

Katika kidato cha tatu nilifanywa kiranja wa shamba. Kazi yangu ilikuwa kugawa mistari ya kupalilia na kumpelekea metroni majina ya waliotega kazi. Niliipenda kazi hiyo. Nasema hivi kwa sababu nimejaribu mara nyingi kujikumbuka kama msichana aliyeifanya kwa kulazimishwa, na si kweli.

Jumamosi moja mwaka huo tulikuwa tukipalilia karanga. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na magugu yalikuwa yamezipita karanga kwa urefu. Rafiki yangu alinijia kabla hatujaanza.

"Leo niache," aliniambia. "Tumbo linaniuma."

"Linauma tangu lini?"

"Tangu jana. Lilianza hapa," akaonyesha kitovuni, "sasa limehamia huku." Akashika upande wa kulia, chini.

Wenzetu waliokuwa karibu walianza kucheka. Mmoja alimwambia achanganye na kikohozi cha padri ili mchezo ukamilike. Hata yeye alitabasamu kidogo, kwa mazoea nadhani. Nami nilikuwa nimekaripiwa na metroni juma lililopita kwamba ninampendelea.

"Mistari miwili," nilimwambia. "Ukimaliza utaenda kulala."

"Leo si mchezo. Nakwambia kweli."

"Kila siku si mchezo."

Akachukua jembe. Alilima akiwa amepinda, hatua fupi fupi, mkono mmoja tumboni. Hakufika hata nusu ya mstari wa kwanza. Alikaa chini kwenye matope, akatapika. Hapo nilimruhusu aende, tena nilimsindikiza mwenyewe mpaka chumba cha wagonjwa. Metroni alimtazama, akanitazama mimi.

"Huyu naye ana nini leo?"

Ningeweza kumwambia kwamba ametapika. Nilikuwa nimeona. Lakini nilijua pia kwamba alikuwa amewahi kujitapisha kwa kidole, na nilikuwa nimechoka kuitwa mpendeleaji.

"Ni yale yale yake, Mama," nilisema.

Metroni akampa mafuta ya nyonyo ya kuendesha tumbo, kijiko kikubwa, akamwambia alale.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi kitandani. Alisema maumivu yamekwisha, yalikatika ghafla alfajiri kama uzi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini alitabasamu, nami nikarudi bwenini na ushindi moyoni. Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba dawa ya uvivu ni nyonyo.

Jumatatu hakuweza kunyoosha miguu. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Masista walimpakia garini wakampeleka hospitali Tororo, na Jumanne, tukiwa katika somo la jiografia, Sista Mkuu aliingia darasani, akatuambia tusimame, akatuongoza katika sala ya marehemu. Nilikuwa nimeketi peke yangu kwenye dawati letu. Sala ilikuwa imefika katikati nilipotambua tunamwombea nani.

Baadaye, nilipokuwa nikisomea uuguzi, daktari mmoja alitufundisha juu ya kidole tumbo. Alieleza jinsi maumivu yanavyoanzia kitovuni na kuhamia kulia. Alituonya tusimpe mgonjwa wa namna hiyo dawa ya kuendesha. Kisha akasema kwamba wakati mwingine maumivu hukoma ghafla, mgonjwa akafurahi, ndugu wakafurahi, kumbe ndipo kimepasuka. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Lakini Alhamisi ile ukumbini nilikuwa sijajua haya yote. Nilijua tu niliyoyasema na niliyoyaona.

Wenzangu walikuwa wameanza kumsimulia. Mmoja alisimama kuiga jinsi alivyokuwa akimwiga metroni, kidole na shuka, na wengine walicheka huku wakipangusa machozi. Ndipo binti wa katekista akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye zaidi," alisema. "Sema wewe."

Nilisimama. Nilikuwa nimekusudia kusema juu ya kibendera cha karatasi. Badala yake nikawaambia kwamba alitapika mbele yangu. Hilo hawakulijua, walikuwa wametutangulia mbali kwenye mistari yao. Nikawaambia metroni aliniuliza nini na mimi nilimjibu nini. Nilisema kwa Kiswahili, na nilishukuru kwa hilo, maana kwa Kiingereza ningejificha mahali fulani katikati ya sentensi.

Nje tulisikia wapishi wakikokota sufuria.

"Mimi nilicheka," akasema yule wa uji, aliyekuwa mdogo wetu. "Mimi ndiye niliyesema achanganye na kikohozi."

"Sote tulicheka," mwingine akasema.

"Kucheka si sawa," akasema Mpadhola wa Mukuju. Hakupaza sauti. Aliinuka, akafungua mlango, akaenda zake, nasi tukabaki tumeketi mpaka kengele ya chakula ikatulazimisha kurudisha mabenchi.

Siku iliyofuata tuliandika ukurasa. Tuliandika habari za ng'ombe wa komunyo na za uji. Chini kabisa, baada ya mabishano, tuliweka sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba katika kidato cha tatu tulimpoteza mwenzetu mmoja. Ya pili ilisema kwamba alituambia anaumwa na hatukumwamini. Mwalimu wetu aliusoma mbele yetu, akakunja karatasi taratibu, akasema atajitahidi.

Alirudi Jumamosi asubuhi. Macho yake hayakutulia kwetu.

"Sista Mkuu anasema wazazi watasoma," alituambia. "Ya kwanza itabaki. Ya pili imeondolewa."

Tuliitikia kwamba tumeelewa. Tulikuwa tumefunzwa kuitikia hivyo.

Wakati tukifunga masanduku, Mpadhola alikuja kusimama karibu na kitanda changu. Hakuwa amenisemesha tangu Alhamisi.

"Mama yake anajua?" aliniuliza.

Nilimwambia hajui. Nilimweleza juu ya mazishi. Kwenye mazishi, ng'ambo ya Busia, shule iliwapeleka viranja tu, nami ndiye niliyechaguliwa kusoma salamu za rambirambi. Nilizisoma kwa Kiingereza, mbele ya mama asiyejua neno moja la Kiingereza. Aliyekuwa akimfasiria alipofika mwisho, mama huyo alitoka alipokaa akaja kunishika mkono na kunishukuru.

"Basi twende," Mpadhola alisema. "Nitakupeleka."

Shule ilipofungwa tulipanda basi pamoja mpaka Busia, yeye akiwa ameipa kisogo njia ya kwao. Tuliacha masanduku dukani kwa mjomba wangu upande wa Uganda, tukavuka kwa miguu. Siku zile kuvuka halikuwa jambo. Watu walikwenda na kurudi na vikapu vya samaki, na wanaume wenye baiskeli zilizofungwa mto wa kukalia nyuma waliita abiria pande zote mbili. Nilitamani mtu atuzuie. Askari alikuwa akiongea na mwuza chai, hakutugeukia hata kidogo.

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba akianika mtama. Alinitambua kabla sijamwamkia. Alitukaribisha ndani, akatupa vigoda, akauliza habari za mtihani, za wazazi, za mvua ya kwetu. Yeye alikuwa Mjaluo, mimi Msamia, mwenzangu Mpadhola. Tukaelewana kwa Kiswahili kile kile cha shambani.

"Mama," nilisema, "nimekuja na neno."

"Sema, mwanangu."

Nikasema. Nilianza na mistari miwili ya karanga nikamalizia na mafuta ya nyonyo. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. Mara moja tu alinikatiza, kuuliza kama siku hiyo kulikuwa na jua kali au mawingu. Nilimwambia mawingu. Akatikisa kichwa.

Nilipomaliza, kuku aliingia, akamfukuza kwa mguu.

"Pale hospitali," aliniuliza, "aliniita?"

"Sijui, Mama. Hatukuruhusiwa kwenda."

"Baba yake alifika mtoto amekwisha. Mimi nilipata habari kesho yake." Aliangalia mlangoni. "Hao masista hawakukwambia kama alisema kitu?"

"Sista mmoja alisema aliomba maji."

"Walimpa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na nadhani angeliamini. Lakini nilikuwa nimetoka mbali kuacha kusema uongo juu ya mtoto wake.

"Sijui, Mama," nilisema.

Alilia hapo. Hakulia kwa sauti. Mwenzangu alimsogelea akampa mkono, nami nilibaki kwenye kigoda changu kwa sababu sikujua kama mkono wangu ungetakiwa.

Alipokwisha kujipangusa alituandalia chakula. Tulikataa, akakataa kukataa kwetu. Ulikuwa ugali wa mtama na samaki wadogo. Alituangalia tukila.

"Mimi sitakwambia kwamba si kitu," alisema, bila hasira. "Ulikuwa mtoto, naye alikuwa mtoto. Najua alikuwa mtundu, hata mimi alinidanganya na tumbo mara nyingi. Lakini usiningoje nikwambie si kitu. Siwezi."

"Ndiyo, Mama."

"Umefanya vizuri kuja. Maliza samaki."

Alitusindikiza mpaka barabarani, kama ilivyo desturi, akaagana nasi mmoja mmoja. Mimi alinishika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida, kisha akauachia akageuka. Sikumwona tena. Nilipata kazi Mbale, nikaolewa huko, na niliposikia kwamba amehamia kwa kaka yake Kisumu nilikuwa nimechelewa kumtafuta. Nilimwandikia mara mbili, sikupata jibu. Labda hakuwa na wa kumsomea, au alikuwa naye akachagua kunyamaza.

Darasa letu halikuwahi kukutana tena likiwa zima. Nimesikia huyu ni mwalimu, yule ni mjane, mwingine alikwenda Nairobi akakatika kabisa. Jarida ninalo bado. Ukurasa wetu una ng'ombe, una uji, na una ile sentensi moja.

Siku ile tulirudi upande wa Uganda jua likiwa bado juu. Mwenzangu alihitaji basi la kumrudisha Tororo, na tulilingoja kwenye kivuli cha duka la mjomba, tumekalia masanduku yetu. Nilimshukuru kwa kunipeleka.

"Sikukupeleka kwa ajili yako," alisema.

"Najua."

"Bado nina hasira na wewe. Nadhani nitakuwa nayo kwa muda." Alichora kitu mavumbini kwa ncha ya kiatu, akakifuta. "Lakini niandikie. Anwani yetu ni ile ya misheni."

Basi lilipofika nilimsaidia kupandisha sanduku. Alipata kiti upande wa pili, kwa hiyo sikumwona dirishani. Nilimwandikia kabla ya Krismasi. Barua yake ya kwanza ilifika mwezi wa tatu, fupi, mwandiko ule ule uliolala upande. Alieleza kwamba wamevuna pamba nyingi, kwamba mama yake amejifungua tena, kwamba anatafuta nafasi chuo cha ualimu. Hakusema lolote jingine. Nilimjibu siku hiyo hiyo.